Kiti Chako Nimekikalia

Gitting, baada ya mavuno

Mjukuu wangu Judica,

Marahaba ya shikamoo ambayo hujaileta. Tangu Pasaka hujakanyaga hapa, na Katesh siyo Ulaya. Hata mbuzi aliyepotea angekuwa amesharudi. U mzima? Unakula, au bado ni chai na maandazi ya stendi? Sisi Mungu anatushika. Goti linaniuma baridi ikianza, na mahindi tumeyavuna. Anayeandika ni baba yako mdogo Modest, nimemkataza asinipambie maneno. Alikuwepo jikoni siku ile ya Pasaka ulipolia, kwa hiyo hakuna siri ninayoitoa nje.

Unakumbuka kesho yake ulikwenda kumkamua Madoa akakuzuilia maziwa. Ukasema ng'ombe amezeeka. Mimi nilijua ni mikono yako. Ng'ombe hampi maziwa mtu anayetetemeka.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa miwani kwa bodaboda, akasema anaitwa Agatha, ni msimamizi wenu ninyi washauri nasaha. Akasema huji kwenye vikao vyake hapa ukumbi wa parokia, na kila mara unamwandikia kwenye simu kwamba bibi yako anaumwa. Mimi ninaumwa? Nilikasirika, lakini nikakohoa kidogo, nisikuaibishe.

Nikajua amekuja kukukamata. Msimamizi ninayemjua mimi ni yule wa mashamba ya ngano, aliyepita nyuma yetu akitafuta tulichokosea. Basi nikampa kigoda kibovu, nikaendelea kupukuchua mahindi. Naye akachukua hindi akapukuchua, tena vizuri. Hakuuliza ulichokosea. Mara mke wa jirani yetu Margwe akaja, akaniita nyuma ya zizi, akalia yake ya siku zote. Niliporudi, Agatha hakuuliza amesema nini. Aliuliza hivi, "Na wewe bibi, haya yote unampelekea nani?"

Nikamjibu, "Ng'ombe, ninapokamua."

"Anakujibu?"

"Hajibu. Ila maziwa hupungua."

Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba hata yeye ana mtu wake Babati anayempelekea, maana anayepokea vilio vya watu bila pa kuvitua, siku moja huanguka navyo. Akasema kwenye kikao mtu anaieleza kazi yake, ilipomshinda na ilipomuumiza, na wenzake wanaitazama pamoja naye, ili kesho awasaidie watu bila kujivunja mwenyewe. Habari ulizonililia Pasaka, za yule mama aliyekuaga akicheka, ukamwambia ameanza kupona, kisha akajitoa uhai, sikumwambia. Hizo ni zako. Kisha akaniomba niende kikaoni na mimi, kwa kuwa wanawake wa huku wananililia mimi.

Sasa nikuambie nililolifanya, ukitaka kukasirika kasirika. Nilikwenda. Wakanikalisha kwenye kiti kilichokuwa kitupu, nacho ni chako. Nilikwenda nisikie kama watakusema, niwape vidonge vyao. Hawakukusema. Nesi mmoja alieleza mgonjwa aliyemfia mkononi, wala hakuna aliyemhukumu; walimuuliza polepole mpaka akaona mwenyewe lipi lilikuwa lake na lipi halikuwa lake. Ilipofika zamu yangu nilitaka kusema habari za goti. Badala yake nikasema nina mtoto wangu mmoja mikono yake inatetemeka, na kila simu ya Modest ikilia naogopa ni habari ya kwamba amemfuata yule marehemu anayemlilia. Nililia, Judica, mimi ambaye sikulia kwenye kaburi la babu yako. Jina lako sikulitaja. Agatha alijua, akanishika bega.

Jioni Madoa hakuongeza hata tone, usidhani kikao ni uchawi. Lakini nililala.

Msalimie Oliva unayekaa naye, mwambie akulazimishe kula. Shangazi yako Zita anakusalimia, na Modest hapa anasema amechoka mkono.

Kikao kingine ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Njoo Ijumaa, kabla Madoa hajakamuliwa. Akikuzuilia usimpige, kaa hapo hapo na kibuyu chako. Asubuhi tutakwenda wote ukumbini, na kile kiti utakikalia mwenyewe. Mimi nitaomba kingine, nikae karibu.

Bibi yako anayekupenda na kukugombeza,
Konsolata