Doa la Kijani

Jumatatu, 3 Machi
Hili sijawahi kumwambia mtu. Ijumaa nilimshinda Twiga, mwenzangu wa timu ya mchezo wa vitara shuleni, tano kwa nne, nikapewa nafasi moja iliyobaki ya kwenda mashindanoni — kwa sababu ya koti bovu. Na nilijua ni bovu!

Koti namba saba, la nyuzi za chuma. Kitara kikigusa kiwiliwili, taa ya rangi huwaka: pointi. Kikigusa mkono au mguu, taa nyeupe: bure. Wiki mbili zilizopita, nikilifua, niliona doa la kijani chini ya kwapa la kulia. Jasho limekula nyuzi. Nikapima kwa mita ya baba, fundi umeme. Sindano ya mita haikutikisika: pale umeme haupiti. Nikalikunja koti, nikanyamaza.

Kabla ya pambano Twiga alinigusa kifuani kulijaribu koti, kama tufanyavyo wote. Kifuani ni zima. Baadaye akanipata kwapani mara mbili. Nyeupe, nyeupe. Akasema siku hizi analenga kama bibi yake bila miwani. Huu ni mwaka wake wa mwisho shuleni.

Jumatano, 5 Machi
Maktaba. Zamani, kabla ya taa, ncha ya kitara ilichovywa wino ili doa lionekane kwenye nguo nyeupe. Na aliyeguswa alisema mwenyewe. Nimefunga kitabu. Nimekuja kujificha huku, na hata huku nimekamatwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesema!

Kocha alikuwa chumba cha vifaa, anakaza skrubu. Niliongea nikiitazama sakafu. Akapima doa. Kisha akasema tutarudia pambano Jumamosi. "Na Twiga umwambie mwenyewe. Mimi si tarishi wako."

Twiga alikuwa anafunga viatu. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu mara ngapi. Mbili.

"Kumbe bibi namsingizia," akasema, akaondoka.

Sijui kama amenisamehe. Lakini nimerudi nyumbani mwepesi kama niliyetua gunia. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Koti namba kumi na moja. Twiga alipotaka kunijaribu kifuani, niliinua mkono, nikamwonyesha kwapa. Akagusa. Rangi. Akatikisa kichwa, nadhani alikuwa anazuia kicheko.

Nne kwa nne — umeme umekatika! Tumekaa benchi nusu saa, mashine ya taa imezimika. Kocha kauliza tusubiri, au tumalize pointi moja iliyobaki bila taa, yeye atazame kwa macho. Lakini macho yake ni mawili na sisi tuna kasi.

Twiga kasimama. "Tucheze tu, Kocha. Huyu akiguswa atasema."

Nimeomba dakika moja niandike haya. Nimefuta viganja kwenye suruali; sasa navaa barakoa ya wavu, niende nikamsalimu kwa kitara. Daftari naliacha hapa benchini. Akinigusa, nitasema.