Mega moja na nusu

Mweso, siku ya ine

Tena internet ya mega moja na nusu, na mimi ninalipia kumi. Mke wangu yuko hospitalini Goma, kila siku ananiambia anapona, lakini picha inakwama kabla sijamuona. Nilishaamua kuhamia kampuni ingine.

Leo fundi wa kampuni akasema kwa simu, «Papa, mbele ya kuhama, toa watu wote kwa modemu, upime peke yako.»

Nikabadilisha kode ya Wi-Fi, nikapima. Mega tisa! Kumbe walaji ni wale waliokimbia vita ya Muheto, wanaokaa nje ya ukuta wangu. Walipofika niliwapa maji, moto na kode. Mugeni anapokelewa hivyo siku hizi.

Nikampigia mke wangu, nikamuona. Amekonda sana.

«Geuza macho, sijasuka!»

Hapo mama mumoja akaita nje, «Papa, rezo ya Wi-Fi imekufa? Mutoto wangu iko njiani, nilikuwa namwambia asipite Kitshanga, kuna vita!»

Ningefanya nini? Nikamsomea kode mupya kupitia juu ya ukuta.

Uso wa mke wangu ukaganda, mdomo wazi. Sauti ikafika nyuma: «Umefanya vizuri. Kesho unipigie asubui, mbele wale wa nje waamuke.»

Amekonda sana.