Jua la Nafula Juu ya Ploti

Jumatatu, 3 Februari

Nafula amekufa. Saa kumi na moja asubuhi. Presha. Alikuwa anafunga kiatu aende kazi, mimi nachemsha chai. Nimezima jiko. Nimemfumba macho.

Nimepigia nyapara. Nimepigia Nekesa, binti yetu, kule Kitale kwa bwana yake. Nimepigia Wekesa, kaka ya Nafula. Chai imebaki kwa sufuria.

Jumanne, 4 Februari

Watu wa ploti, wapangaji wenzetu, wamejaa kwa nyumba. Wanaimba. Nyumba ni chumba kimoja. Mashine yake iko kona, imefunikwa na leso: bomba ya kuangalia nyota, kamera yake, kompyuta. Mama mmoja wa kanisa ameweka sahani ya mandazi juu ya kompyuta. Nimeitoa. Amekasirika. Akasirike.

Jumamosi, 8 Februari

Tumemzika nyumbani, Bungoma. Nilitaka kuchimba. Wamenikataza, ati mwenye kufiwa hachimbi. Mimi kazi yangu ni koleo. Sijui kukaa kwa kiti nikiangalia watu wakichimba vibaya.

Jumanne, 11 Februari

Leo tumenyolewa. Siku ya kunyoa ndio watu wanasema marehemu ameacha nini na nani achukue. Hakukuwa na mengi. Leso zimeenda kwa dada zake.

Halafu Wekesa akasimama. Yeye ni karani ofisi ya reli, anajua kusimama mbele ya watu. Akasema mashine alipewa Nafula mwenyewe na koleji, akiwa msafishaji wao. Si jasho langu. Irudi kwa ndugu zake.

"Shemeji, wewe ni mtu wa mkono. Utaifanyia nini? Utakorogea simiti?"

Wazee wamecheka. Hata wa kwetu.

Nikasema naijua. Akasema basi nimwonyeshe. Jumapili, kanisa ikiisha, anakuja kwangu Kware. Nimwonyeshe jua lenyewe kwa skrini, na madoa yake, vile Nafula alikuwa anajisifu. Nikishindwa anabeba. Wazee wakakubali. Na mimi nikakubali mbele ya kila mtu.

Nilidanganya. Naijua nusu.

Jumatano, 12 Februari

Nimerudi Nairobi na basi ya usiku. Nyapara amenipa mpaka Jumatatu.

Nimesoma daftari yake siku nzima. Nafula alifika la nane tu. Alikuwa anapiga deki darasa la kompyuta mwalimu akifundisha, na masikio hayapigi deki. Koleji ilipopata bomba mpya ikampa hii ya zamani. Jioni alikuwa ananifundisha. Mimi nilifika la sita. Barua ya kuomba kazi siwezi. Lakini amri za kompyuta naweza, pole pole, kidole kimoja.

Shida ni hewa. Mabati ya Kware yakipata moto, hewa inacheza, na jua kwa skrini linachemka kama maji ya ugali. Madoa yanapotea. Asubuhi mapema ni sawa. Lakini Wekesa anakuja saa saba.

Programu ya kamera ina mahali unaandika amri zako mwenyewe, na kamera ikipiga picha inazifuata hapo hapo. Nafula alianza. Kamera inapiga picha thelathini kwa sekunde. Amri inapima kila picha. Kama nukta na jirani yake ziko tofauti sana, picha ni kali, inaingia kwa fungu. Kama zinafanana, picha ni uji, inatupwa. Fungu likijaa linachanganywa, linatoa picha moja safi.

Ni kuchunga mchanga kwa wavu. Hiyo nimefanya miaka ishirini.

Ameacha mstari wa ishirini na mbili. Hakumaliza.

Alhamisi, 13 Februari

Nimepandisha mashine juu ya paa. Gorofa nane, mara tatu. Nimefunga karatasi ya fedha ya kupunguza jua mbele ya bomba, nikaikagua kwanza kama ina tundu. Bila hiyo kamera inaungua, na jicho likiungua halirudi.

Mama Shiro wa gorofa ya tano alikuwa anaanika nguo. "Baba Nekesa, hiyo bomba ikae ikiangalia Mungu, isiangalie sidiria zangu!" Nimecheka. Mara ya kwanza tangu.

Nimemaliza amri. Mara ingine nasahau alama moja, programu inakataa yote. Natukana, naanza tena. Saa tisa imekubali.

Imekubali lakini inakawia. Nikigusa bomba, skrini inasonga nikiwa nimeshamaliza kula ndizi. Kompyuta ni mzee. Inapima picha nzima, na picha zingine zinapanga laini zikingoja.

Ijumaa, 14 Februari

Leo mbaya kuliko jana.

Saa sita korongo wamekuja, wale wa kutoka jalalani. Hewa ya moto inawainua, wanazunguka juu ya ploti bila kupiga bawa. Mmoja amepita mbele ya jua. Kwa skrini ukatokea ubawa mweusi, mkali kama umekatwa na msumeno. Halafu picha ikaganda. Dakika kumi, ubawa tu.

Nimekaa chini ya tangi la maji nikafikiria. Nilikuwa nimeandika hivi: picha yoyote ipimwe na ile kali kuliko zote. Sasa korongo ndio mkali kuliko zote. Amekuwa kipimo. Baada yake hakuna picha ya jua inafaa. Zote zinatupwa.

Mjinga ni mimi, si korongo.

Sijala. Kwa mawazo nimeona Wekesa akishuka ngazi na kompyuta kwapani. Nimeona hata vile atasema pole.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeamka na jibu.

Kwa mjengo hatupimi lori nzima ya mchanga. Unashika konzi moja, unasugua kwa mkono, unajua mchanga. Na ukichunga unatupa vitu viwili. Vumbi unatupa. Mawe pia unatupa.

Nimechora kisanduku kidogo kuzunguka doa kubwa la jua. Amri ipime hapo tu. Kompyuta imekuwa kijana. Halafu nimeweka mipaka miwili: picha ikiwa uji, nje. Ikiwa kali kupita kiasi, nje pia, huyo ni korongo.

Saa saba na nusu, mabati yanawaka, korongo wanapita. Doa limekaa pale pale. Jeusi katikati, kijivu pembeni, na madogo mawili nyuma yake kama vifaranga.

Mistari arobaini na moja. Ishirini na mbili ya Nafula, kumi na tisa yangu. Nimeihesabu mara mbili. Hakuna ukuta nimejenga nikaupenda hivi.

Jumapili, 16 Februari

Wekesa amekuja na tai. Mama Shiro amekuja, na akina mama watano wa fellowship ya kanisa. Nimefunika kompyuta na boksi isipigwe na mwanga. Nimewaambia waingize kichwa mmoja mmoja.

Akina mama wamepiga kelele. Wekesa ameangalia muda mrefu. Halafu akainuka, akaweka mkono mbele ya bomba.

Jua likabaki kwa skrini vile vile.

"Mnaona? Picha ya simu hii! Umeiweka hapo, unatuchezea na marehemu!"

 Mama Shiro akasema pole pole, "Haki, Baba Nekesa, hata sisi unatudanganya?"

 Nilikuwa karibu kubeba mashine mwenyewe nimpatie. Halafu nikaelewa. Mkono ni giza. Picha ya giza haina ukali. Wavu wangu unaitupa, unabaki na fungu la zamani. Wavu unafanya kazi. Unafanya kazi kupita kiasi.

Nikamwambia, "Rudisha mkono, shemeji. Usiutoe mpaka niseme." Nikafinya kitufe cha kumwaga fungu. Skrini ikawa nyeusi kabisa.

"Toa sasa."

Kwanza uji, fungu bado lina picha chache, jua linachemka. Halafu likatulia kidogo. Halafu doa likaanza kutoka, kivuli kwanza, halafu weusi, halafu vile vifaranga. Mbele ya macho yao. 

Wekesa amerudisha mkono mwenyewe. Ametoa. Amerudisha tena. Mara tatu.

"Ni Nafula alifanya hii?"

"Alianza. Mimi nimemaliza."

Ametoa tai akaiweka mfukoni. Akaingiza kichwa ndani ya boksi tena. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema ni jua. Karatasi ya fedha iko mbele ya bomba. Jua halijamgusa macho.

Jumapili, jioni

Wekesa alikunywa chai mbili. Alinisaidia kuteremsha bomba, akaishika upande mzito. Kwa mlango alisema, "Kaa nayo, mulamwa." Shemeji, kwa lugha ya kwetu. Akaenda na mikono mitupu.

Nyumba imenyamaza. Nimefua ovaroli, nimeanika juu. Nimekula vizuri.

Kesho narudi kazi.