Isale Kwenye Boti ya Kwaya

Jumatano, 12 Agosti 1981

Shangazi Mektilda kashuka kwenye basi la Rombo asubuhi, kikapu cha ndizi mkononi. Chini ya ndizi – isale! Jani moja tu, refu, bichi, limepigwa fundo na kuviringishwa kitambaa kibichi. Nilipomwambia mbona hata kwenye bustani ya parokia masale yapo, angejisumbua nini, akanicheka mpaka akakohoa. Yale ni maua, akasema. Nyie watoto wa Kariakoo mmekulia kwenye lami.

Hili kalichuma kaburini kwa Mama.

Naandika ili nisipasuke. Siku ya kumzika Mama, mwezi wa tatu, mbele ya ukoo mzima, kaka Tarsis alimnyooshea Baba kidole: "Wewe ndiye uliyemuua!" Watu wakaziba midomo. Tarsis akarudi Mafia kwenye kazi yake ya minazi, na tangu siku hiyo Baba hajalitaja jina lake. Sasa Baba anapanda basi Jumanne kwenda Rombo kukalisha wazee wa ukoo. Tarsis afutwe. Asiwe tena mwana wa Baba, Mzee Polycarp, asizikwe kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo. Na Baba akishatamka mbele ya wazee, ndiyo basi.

Ila isale halikataliwi. Likishaingia mkononi mwako, umesamehe, upende usipende. Kwa hiyo ni kulifikisha tu kwa Baba, kwa niaba ya Tarsis. Rahisi!

Alhamisi, 13 Agosti

Si rahisi hata kidogo.

Baba kamwona dada yake mlangoni mwa duka letu la sufuria, kakiona na kikapu. Shikamoo haijaisha kuitikiwa, kasema anatoka mara moja Mtaa wa Swahili kuangalia betri. Kapitia uani! Mzee wa miaka sitini na ushee, katoka mbio kwa mlango wa choo! Hakurudi mchana. Usiku katuma salamu kwamba mgongo umembana, atalala Buguruni kwa Mzee Theophil.

Mgongo! Anajua. Kanusa.

Shangazi kasema mtu anayekimbia isale ni mtu anayejua kwamba likimfika litamshinda. Mimi sijui. Usoni sikuona hasira. Niliona woga, na sijawahi kumwona Baba mwoga.

Jumamosi, 15 Agosti
Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria

Misa ya kwanza. Baba kaja, kakaa benchi la nyuma karibu na mlango, "Nendeni na amani" haijamalizika kashapotea. Shangazi kabaki kapiga goti na kikapu chake kama mchuuzi.

Lakini nina akili bwana! Kesho kwaya inatembea visiwani, tumekodi boti toka Kivukoni: Bongoyo kwanza, kisha Mbudya, jioni turudi pole pole tukiangalia jua. Baba ndiye msimamizi wa chakula, hawezi kukosa, ataaibika. Na kwenye boti atatokea mlango gani?

Tarsis, Shangazi alimwita, kafika toka Mafia jana, kajificha kwao Sofia, rafiki yangu wa Mtaa wa Sikukuu. Nimekwenda kumwona. Kakonda. Kesho atavuka toka Kunduchi na mtumbwi, atungoje Mbudya. Nikamuuliza: unajutia kweli, au unaogopa kufutwa tu? Akainama kufunga kamba ya kiatu. Halafu akasema anajuta kulisema mbele ya watu.

Mbele ya watu. Hakusema anajuta kulisema.

Nimerudi nyumbani, nimejifungia chumbani. Maana mimi nilikuwepo. Mama alikuwa anatapika damu, anajifuta na upindo wa khanga, anarudi kaunta. Akiomba apelekwe hospitali, Baba anamwambia: vumilia mke wangu, mzigo wa sufuria ukifika nitakupeleka. Ulipofika mzigo, Mama hakuwa na nguvu ya kusimama. Sijamwambia mtu. Hata hapa ni mara ya kwanza kuandika.

Jumapili, 16 Agosti

Kivukoni, asubuhi. Balaa! Shangazi kaona bahari, kagoma. "Mimi mtu wa mlimani! Maji gani haya hayana ng'ambo?" Nimembembeleza, nimemvuta, Sofia kamvuta. Wapi! Kanipachika kitambaa chenye isale kwapani. Akasema haifai binti kubeba isale la kumpa baba yake, hubeba mtu mzima, lakini Mungu anaijua Dar es Salaam.

Mimi! Nitaanzaje?

Bongoyo. Wali umeiva. Baba anacheka na watu, anagawa nyama kwa mkono wake, kila saa anatupa jicho baharini kama kuna boti nyingine inakuja. Kaniuliza shangazi yako yuko wapi. Nikasema kaogopa maji. Jamani, alivyopumua! Akaniongezea mnofu. Nimekula nikiwa na isale ndani ya mkoba, sikusikia ladha ya chochote.

Mbudya, alasiri. Tarsis yupo. Kakaa nyuma ya mawe kule mwisho wa ufuko, shati jeupe. Nimemwambia asitokee mpaka kila mtu apande. Naandika mbiombio, hata mwandiko huu siutambui. Wenzangu wa sauti ya pili wananiuliza naandikia nani. Mchumba, nimewaambia.

Kwenye boti, tunarudi. Jua linaingia upande wa Msasani, jekundu, kila mtu kageukia huko, wanaimba. Tarsis kapanda wa mwisho, kajibanza mbele. Sasa Baba kamwona! Kasimama, kaangalia huku maji, huku maji. Kakaa tena. Wimbo ukafa wenyewe, sauti moja moja. Watu wote wa kwaya hii wanajua ugomvi wao.

Nikasimama. Mungu wangu. Sikujua hata maneno, sikufundishwa maneno. Nikapiga magoti mbele ya Baba, nikamwekea isale mkononi, nikasema: Baba, Tarsis anaomba.

Hakulitupa. Akalitazama lile fundo.

"Candida, mmelichuma wapi?"

"Shangazi kalichuma kaburini kwa Mama."

Baba kaufumba mkono. Nikadhani kasamehe, nikaanza kulia, na mwalimu wa kwaya akaanza kupiga makofi, masikini. Baba kamwinulia kiganja: ngoja.

Akasema – nayaandika kama yalivyotoka – "Mnadhani nakimbia kwa hasira? Nikilipokea hili ina maana huyu kanikosea. Kanikosea nini? Mimi nilingoja sufuria."

Sofia kajifunika mtandio uso mzima.

Nilitaka nimkumbatie. Nilitaka pia nimpige, Mungu anisamehe, nimpige kifuani kwa ngumi zote mbili. Miezi yote hii alikuwa anajua! Na Jumanne angekwenda kumfuta mtu kwa neno ambalo mwenyewe analiamini!

Kainuka. Boti inayumba, kashika nguzo. Kamwendea Tarsis pale mbele, hatua ndogo ndogo, watu wanampisha miguu. Kamnyooshea isale.

Tarsis kaficha mikono nyuma. "Hapana Baba. Baba hampi mwanawe isale. Haijapata kuwa."

"Pokea."

"Baba, nakuomba, usinifanyie hivi. Watu wanaona."

"Ulilisema watu wakiona. Pokea."

Naona mwanga wa Kivukoni. Nahodha kapunguza mwendo, wala hatufiki, nadhani naye anasikiliza. Giza linaingia, naandika kwa kubahatisha mistari. Mkono wa Baba bado uko hewani, na umeanza kumshinda, unashuka, anaunyanyua tena. Tarsis analia waziwazi, kamasi na kila kitu, mikono ingali nyuma. Nimemwita, "Kaka, mpokee mzee atachoka!" Kageuka kunitazama mimi. Ananiuliza kwa sauti, mbele ya wote, kama Mama aliomba apelekwe hospitali, na kama mimi nilisikia.

Baba naye kageuka. Wote wawili wananingoja. Nafunga daftari niwaambie ndiyo, nilisikia.