TV Mpya Haina pa Kuanikia Kofia

Cheyo, Tabora
20 Mei 2024

Mpendwa Bi Apolinaria,

Shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi pokea salamu tu. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo jirani yangu Tunu analicheka lakini mimi limeninyima raha. Mume wangu, mzee Nasri, aliyekuwa fundi cherehani hapa mjini, alifariki mwaka jana, na alikuwa na kofia moja ya kushonwa kwa mkono aliyoipenda kwa ajili ya Ijumaa, basi kila Alhamisi jioni nilikuwa naifua, naitia wanga, naivika juu ya bakuli lililopinduliwa na kuiweka juu ya TV yetu ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, kwa sababu lile chogo likiwaka linapata joto, sisi tunatazama taarifa ya habari na kofia inakauka, asubuhi imesimama kama mpya, naye akiivaa husema, "Mama Majidi, leo hata imamu ataniangalia mara mbili."

Tangu aondoke sijaacha. Kila Alhamisi nafua, natia wanga, naweka juu ya TV, wala hakuna anayeivaa.

Sasa mwanangu Majidi, anayeuza mpunga Bukene, amenitumia TV ya kisasa, flati, ya LCD, imekuja kwa basi ndani ya boksi, akanipigia akasema, "Mama, sasa utaona watu na rangi zao," maana chogo letu limeharibika rangi, kila mtu ni wa kijani, hata bibi harusi kwenye tamthilia, mpaka Tunu huniuliza, "Shoga, huyu anaolewa au anaumwa?" Nikafungua boksi, nikaiona TV yenyewe nyembamba kama kibao cha chuoni, juu yake hapakai hata kijiko, nikairudisha ndani. Boksi nimelilaza sebuleni, nimelitandika kitambaa nilichofuma, na Tunu akija tunaweka sinia la chai hapo juu.

Majidi akipiga simu huuliza, "Picha inaonekanaje, mama?" nami namjibu, "Safi, mwanangu, kama niko dirishani." Juzi akauliza kama nimeitundika au nimeiweka mezani, nikasema mtandao unakatika. Na Idi ya kuchinja anakuja na mkewe, Bi Apolinaria, nikiitoa hiyo mpya itabidi chogo liondoke, na chogo likiondoka naona kama nimemwambia mzee asirudi tena na kofia yake, nisipoitoa mwanangu atajua mama yake ni mwongo na zawadi yake nimeifanya meza ya chai. Ile kofia hajawahi kuiomba, nami sijampa. Nifanye nini?

Wako,
Mwanne


JIBU

Bi Mwanne,

Hiyo shikamoo nakurudishia, naona mkubwa ni wewe. Na pole sana kwa kuondokewa na mzee Nasri.

Sasa acha kusoma, nenda sebuleni uondoe chai. Kioo cha TV ya LCD ni chembamba, hakilazwi wala hakibebeshwi mzigo. Simamisha boksi wima, kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Vizuri. Mwanao hakukutumia pambo. Picha ya TV hiyo imetulia, haichezichezi, macho hayachoki. Maandishi ya chini utayasoma bila kusogeza kiti, na Tunu akikaa pembeni kabisa ya sebule bado ataona vizuri. Umeme inakula kidogo. Hilo joto la chogo unalolisifu ni LUKU yako inayoteketea. Tena ni nyepesi, inatundikwa ukutani. Hapo nisikilize vizuri. Ikipanda ukutani, meza yote inabaki wazi. Ulikuwa unatafuta pa kuweka bakuli, umepata meza nzima. Kama wasiwasi wako ni joto, jua la Tabora linakausha mazao ya watu, litashindwa kofia moja? Ianike Alhamisi mchana. Ila TV yenyewe usiivike kitambaa, usiifute kwa maji, kitambaa laini kikavu kinatosha, na isitazamane na dirisha.

Hilo la TV limekwisha. La mtoto bado, na hapo nitakukaripia kidogo. Kumwambia Majidi kwamba unaona kile usichokiona si kumtunzia moyo, ni kumwacha mlangoni na zawadi yake mkononi. Eti hajaiomba kofia. Angeiombaje, kama kila akiingia anaikuta imekaa juu ya chogo inamsubiri mwenyewe? Wewe umefiwa na mume, naye amefiwa na baba, na hata siku moja hamjalizungumza hilo, mnazungumza picha. Asubuhi ya Idi, kabla hajatoka kwenda kuswali, mpe aijaribu. Ikimkaa, aende nayo, na Alhamisi zako utaendelea kufua kwa ajili ya kichwa cha mtu. Ikimbana, itarudi kwenye bakuli na hakuna kilichopotea.

Chogo usilitupe. Lihamishie chumbani, na Idi ikishapita utasema wewe mwenyewe liende kwa nani. Hakuna anayekukimbiza.

Lakini simu usiahirishe. Mpigie leo, na leo mtandao usikatike. Mwambie hivi: "Mwanangu, TV bado iko kwenye boksi. Sikuweza kuifunga peke yangu. Nilikuwa nakungoja." Hilo ni kweli, hata kama ulikuwa hujalijua. Aje na vyuma vya kutundikia na bisibisi, apande yeye, wewe ushikilie stuli.

Na mkishakaa wote kuitazama, nikumbukeni.

Apolinaria