Upepo Wenye Tarehe

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana nimeshinda na ushindi wenyewe umeniletea balaa nyumbani.

Mimi ni fundi wa matairi, kibanda changu kiko kwenye njia ya vumbi ambayo malori hupita kuikwepa mizani ya barabara kuu, na kila lori likisimama namuuliza dereva amebeba nini na anakwenda wapi, kwa sababu lori la saruji na lori tupu hayajazwi upepo sawa, kisha naandika yote, pamoja na tarehe na namba ya gari, kwenye daftari ninaloliweka chini ya jeki, si kwa usomi, ila tairi likipasuka huko mbele dereva hurudi kunitukana, "Mama Pancha, ulinijazia pumzi ya kuku!", nami namfungulia ukurasa, ananyamaza. Sasa shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ni mtaalamu wa ofisi ya barabara, na alikuja kwenye mkutano wa kijiji na karatasi za mizani akasema malori ya mizigo ni thelathini tu kwa wiki, kwa hiyo daraja bovu la njia yetu hii lisijengwe upya, liachiwe magari madogo, na malori yakikosa daraja mimi nitamjazia nani, baiskeli? Nikanyoosha mkono. Akacheka mbele za watu: "Shemeji, hapa tunazungumza takwimu, si upepo."

Nikamjibu, "Upepo wangu una tarehe, shemeji," nikafungua daftari, nikasoma wiki ileile: malori mia moja na kumi na mawili yenye shehena, kwangu peke yangu, na yaliyorudi matupu sikuyatia hesabuni. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo! Mwenyekiti wa mkutano akaahirisha uamuzi, akataka nirudi Jumatatu na daftari kuthibitisha. Lakini mama mkwe anasema nimemvua nguo mwanawe hadharani, eti niseme nilikuwa nakisia, na mume wangu anakula akiangalia ukuta. Nifanye nini?

Mama Pancha

Mama Pancha, pole na hongera, ila pole yangu ni fupi. Unaomba ushauri au ruhusa ya kushindwa? Ukisema ulikisia, daraja litakwenda, kibanda kitafuata, na huyohuyo mama mkwe ataanza kulalamika kwamba mkwewe hana kazi.

Shemeji yako hakudanganya. Alisahau tu kwamba mizani huwajua watiifu. Wakwepaji unawajua wewe. Mwendee kabla ya Jumatatu, bila watazamaji, umwambie karatasi zake na daftari lako ni matairi mawili ya ekseli moja. Kaeni muondoe lori lililopita kote kuwili, lisihesabiwe mara mbili. Akikubali, ingieni pamoja. Akikataa, ingia peke yako.

Hapa nakugombeza: daftari la kuokoa daraja unaliweka chini ya jeki? Toa nakala leo. Kwenye nakala funika namba za magari, kwani tunahesabu mizigo, hatukamati madereva, na hao ndio wateja wako. Daftari lenyewe usimwachie mtu, hata akikuonyesha muhuri wa duara.

Mumeo mwache na ukuta wake. Atarudi, ukuta haupakui chakula.

Jumatatu nenda na ovaroli lako, kipimo cha upepo mfukoni. Akitokea wa kukuuliza kama ulikisia, mwambie anayekisia hupasua tairi. Kisha mfungulie ukurasa, anyamaze.