Kadi ya Pili

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na zikukute salama. Mimi mzima. Mgongo unauma kama kawaida, na mgongo wa dereva siku ukinyamaza ndipo uogope. Barua hii nampa dereva mwenzangu anayepita huko kwenu, maana sheria mpya imetukataza hata kugusa simu tukiwa kwenye usukani. Na wewe mwenyewe unajua, mimi na simu hatuelewani. Inanikatisha kabla sijafika kwenye neno lenyewe.

Basi kile kisanduku cha ofisi yenu tumefungiwa kwenye malori. Kimekaa juu ya kichwa changu kama mkwe. Asubuhi nachomeka kadi yangu, jioni naichomoa, na katikati kinahesabu kila dakika niliyoendesha. Nikiendesha saa nne mfululizo kinaanza kulia kama mtoto aliyenyimwa titi: pumzika, pumzika. Nikitimiza saa tisa kwa siku, basi, mpaka kesho. Marehemu mama yako hakuwahi kunichunga hivi.

Lakini nikuambie ukweli. Juzi nililala saa nane mfululizo. Kwa miaka ishirini na saba ya lori sikumbuki kulala hivyo safarini. Nilipoamka nilidhani nimekufa.

Waambie wakubwa zako huko ofisini kwamba mzee mmoja amewashukuru.

Ni mimi baba yako.

11 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, na kazi inaendelea. Barua yako nimeisomea mezani nikacheka peke yangu, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeandikiwa na mchumba. Nikamwambia ndiyo, ana miaka hamsini na tisa.

Baba, unajua kazi yangu ni kusoma kumbukumbu za hivyo visanduku. Lakini kabla havijaja nilikuwa nasoma mafaili ya ajali. Kila faili lina ukurasa wa dereva, na nilikuwa nautazama kwanza kabla ya kitu kingine, kuhakikisha si wewe. Sasa unalala. Mimi nami nalala.

Funga mkanda, na ule vizuri.

Mwanao wa pekee.

20 Machi

Mwanangu,

Salamu. Nimesikia ulikuwa na mafua, natumaini yamekwisha. Mimi nipo.

Nakuandikia kama mwanangu, si kama mtu wa ofisi ile. Nisikilize mpaka mwisho.

Sheria imebadilisha saa za dereva, haikubadilisha saa za mteja. Kiwanda kinataka mzigo ufike kwa siku mbili, kama zamani. Kampuni kubwa zimeweka madereva wawili kwa kila lori, mmoja analala mwenzake anaendesha. Tajiri wetu ana malori sita tu, na wateja wawili wameshamkimbia.

Wiki iliyopita aliniita kule nyuma, kwenye stoo ya matairi. Akanipa kadi. Niliitambua picha; ni ya yule mwenzetu mwenye kipara aliyeacha kazi mwaka jana. Akasema, "Mzee, saa zako zikiisha, chomoa yako, chomeka hii. Kisanduku kitadhani mmepokezana." Nikamwambia, "Tajiri, kisanduku kitadanganyika, lakini macho je?" Akacheka. Akasema, "Wewe ndiye mkongwe, vijana wanakutazama, ukikataa wewe nitauza malori na wote mtakwenda nyumbani."

Nimebakiza miezi kumi na moja nistaafu, mama. Nimeitumia kadi ile safari tatu. Nimekuambia kwa sababu sijazoea kukuficha.

Baba yako.

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Mafua yamekwisha.

Baba, rudisha hiyo kadi. Ningekuwa mfanyakazi mwaminifu ningeipeleka barua yako kwa mkubwa wangu asubuhi hii hii. Nimeishika nikasimama mlangoni kwake. Alikuwa anakunywa chai. Nikageuka.

Nimeiweka chini kabisa ya sanduku langu la nguo. Usinifanye niitoe. Mwambie tajiri umeumwa, mwambie lolote. Njoo ukae kwangu. Chumba ni kimoja, lakini hakiwezi kumshinda mtu aliyelala kwenye kabini maisha yake yote.

Nakuomba kwa jina la mama.

Mwanao.

15 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nilimrudishia. Akaiweka mezani, na funguo za lori akaziweka kando yake. Akasema, "Chagua, vyote au hakuna." Nikachukua vyote.

Tusiliandike tena jambo hili.

Baba yako.

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Sijaliandika. Naulizia mgongo tu.

Mwanao.

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Dereva aliyepita jana anasema hajakuona barabarani wiki mbili. Kama umekasirika, kasirika lakini niandikie. Hata mstari mmoja.

Mwanao.

19 Juni

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Ni mzima wa mwili. Nipo mahabusu, mwezi wa pili huu unaingia. Niliwakataza wenzangu wasikuambie. Niliona aibu. Barua hii anaitoa kwa siri mwenzangu aliyekuja kunitazama.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, barabara imenyooka. Nilikuwa nimeendesha tangu alfajiri ya siku iliyotangulia, nimelala saa moja na nusu tu. Kadi ya yule mwenzetu ndiyo iliyokuwa ndani. Kisanduku kilikuwa kimya, kinajua dereva ndiyo kwanza ameshika usukani. Sikusinzia kama mtu anayesinzia, kichwa kikadondoka akashtuka. Nilikuwa naitazama barabara, kisha haikuwepo. Nilipoamka lori lilikuwa limeingia kwenye kibanda cha fundi baiskeli.

Alikuwa amechuchumaa anaziba pancha. Amekufa, mwanangu. Ana mke na watoto wawili.

Tajiri amewaambia polisi hajawahi kuiona kadi ile, kwamba niliiiba stoo. Wananiuliza, nami nanyamaza, kwa sababu ushahidi wa maneno yangu ni mmoja tu na uko kwako. Choma ile barua ya Machi. Wakiiona watajua ulijua. Mimi nimeshapotea, wewe bado una kazi. Nakuamuru kama baba yako, na sijawahi kukuamuru kitu tangu ulipoanza kuvaa viatu mwenyewe. Choma.

Baba yako.

1 Julai

Baba,

Shikamoo.

Sikuichoma.

Nililia siku mbili, siku ya tatu nikaenda nayo kwa mkubwa wangu. Aliisoma mara mbili. Akauliza, "Hii ilikufikia lini?" Nikasema mwisho wa Machi. Akavua miwani. Akasema, "Binti, ungeileta siku ile." Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Baba, wewe ulikuwa na usingizi. Mimi nilikuwa macho. Nilisimama mlangoni nikiwa macho kabisa, nikageuka kwa sababu mtu anakunywa chai. Usiniambie nina kazi ya kulinda. Kazi yangu ilikuwa ile.

Polisi wamekwenda kwa tajiri. Kwenye droo yake wamekuta kadi nyingine nne za watu walioacha. Vijana wenu wawili wamekubali kusema kweli.

Nimesimamishwa. Nimekuletea shuka na sabuni, nimeziacha getini.

Mwanao.

9 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umezoea kidogo. Najua barua hii itasomwa kabla haijakufikia, nami nawasalimu wasomaji wote.

Siku ya hukumu nilikuwa safu ya nyuma. Uliposimama shati lilikuwa limekuzidi, nikajua huli. Hakimu aliposema miaka minne uliitikia, "Ndiyo, mheshimiwa," kama mtu aliyeelekezwa njia. Tajiri amepata sita, na malori yake yamefungiwa. Watu wanasema haki imetendeka. Labda. Vijana wenu watano wanazunguka kutafuta kazi, na mmoja ameniambia nisimsalimie tena.

Mimi barua ya kufukuzwa nimeipata wiki iliyopita. Sikubisha. Nafunga hesabu za duka la vipuri sasa, si kubaya.

Jumamosi nilikwenda kwa mjane wa fundi. Nilizunguka mtaa ule mara tatu kabla ya kubisha hodi. Nikamwambia mimi ni nani. Alikuwa anaanika nguo, akaendelea kuanika mpaka beseni likaisha. Kisha akaleta viti viwili. Nikaanza kusema samahani, akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Samahani zimeletwa nyingi. Tajiri alileta ya kwake na mfuko wa mchele. Mimi nina swali moja. Mahakamani wamesema lori, wamesema kadi, wamesema saa. Hakuna aliyesema mume wangu alikufaje. Alikuwa peke yake? Alisema neno?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Baba yako anajua."

Baba, nakuuliza kwa niaba yake. Kama kuna kitu, usikifiche moyoni.

Jumapili ya mwisho wa mwezi wanaruhusu wageni. Nitakuja.

Mwanao.

26 Septemba

Mwanangu,

Salamu. Shuka nimezipata. Nakula sasa, usihofu.

Wakili aliniambia nisiseme lolote zaidi ya nililoulizwa, nami sikuulizwa. Na hata ningeulizwa, nisingesema. Ningeonekana natafuta huruma kwa kinywa cha marehemu. Lakini neno hili si langu, ni la mkewe, na nimekaa nalo kama mwizi.

Niliposhuka kwenye kabini nilimfikia kwa magoti. Alikuwa amelala ubavu, pampu bado mkononi. Hakukuwa na mtu mwingine. Mwenye baiskeli alikuwa amekwenda kununua soda. Nikamwinua kichwa nikakiweka pajani, nikamshika mkono. Alinitazama usoni. Nilikuwa na damu hapa kwenye paji, nilijigonga kwenye kioo.

Akaniuliza, "Mzee, umeumia?"

Mimi, mwanangu. Aliniuliza mimi.

Nikamwambia sijaumia. Akasema, "Afadhali." Kisha akawataja watoto wake, kwanza mkubwa, halafu mdogo, taratibu, kama mtu anayewaita waje kula. Ikawa basi.

Mpelekee mkewe maneno hayo kama yalivyo. Usimwongezee langu lolote. Usimwambie nalia, usimwambie nimekonda. Akikuuliza tena kama alikuwa peke yake, mwambie hapana. Mwambie mkono wake ulikuwa umeshikwa, na aliyeushika hakuuachia mpaka walipokuja kuwatenganisha.

Akitaka kujua ulikuwa mkono wa nani, mwambie.

Baba yako.